Waya Niliouvisha Gauni

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kabakiza siku tano aondoke. Nazihesabu, Mungu anisamehe. Hachoki kunusa! Jana viatu vya mwanawe, leo sabuni yangu. Mimi nashona. Waya wa ekstensheni ulikuwa unazagaa sebuleni. Nikaukunja, nikaukaza kwa utepe, nikaushonea kifuko cha maua kwa vitambaa vilivyobaki, nikausukuma chini ya zulia. Mume wangu kacheka — eti siku hizi hata waya unavaa gauni. Kumependeza lakini.

Jumanne, 4 Machi
Sare ishirini za kwaya, zinatakiwa Ijumaa. Cherehani, pasi, friji — vyote kwenye ekstensheni hiyo hiyo. Mama kasema anasikia harufu ya plastiki. Nikamwambia ni pasi tu. Akanyamaza, ila pua haikunyamaza.

Jumatano, 5 Machi
 Mchana napiga pasi, binti yangu kalala juu ya zulia kama kawaida yake. Mama akatoka jikoni, akambeba mtoto akampeleka kitandani. Ndipo akarudi kuniambia nizime swichi ya ukutani. Nikanuna, nikazima. Akafunua zulia. Kifuko changu cheusi tii, waya umeyeyuka, zulia limeungua kwa chini — pale pale mtoto alipokuwa ameweka kichwa. Nikalia mpaka kwikwi. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa hilo. Asante, Mama. Naandika hapa kwa kuwa mdomo umeshindwa.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi umeme kaja. Kakigeuza kifuko, kasifu mshono kwanza. Halafu kasema waya uliokunjwa unajipika wenyewe kwa ndani, na mimi nikaufunika mara mbili. Waya mpya unyooshwe, uonekane. Pasi na friji kila kimoja soketi yake ukutani. Mama anaitikia kila neno. Mimi hajanisema hata kidogo. Angenisema ningepumua.

Ijumaa, 7 Machi
Sare zimechukuliwa. Mtoto kalala pale pale, juu ya zulia lenye kiraka.

Kesho Mama anaondoka. Nimemshonea mkoba wa safari, maua yale yale. Kaunusa kwanza! Kisha kauliza, huu ni wa kuondokea? Nikasema hapana, Mama, ni wa kuwekea nguo, hapa hapa kwetu. Nisamehe, na usiende. Nimeyasema hatimaye. Kachukua mkoba, kaingia chumbani.

Namsikia kutoka hapa. Anafunga zipu. Anafungua. Anafunga tena.