Nekoye, Aliyehamia Mbele ya Wavu

Nekoye wetu,

Mwaka mzima umekatika tangu tukulaze nyumbani Naitiri, kando ya baba yako Wakoli, kama ulivyotuomba. Mahindi uliyotuacha tukiyapalilia yalivunwa, na mengine yamepandwa. Bado tunakuongelesha. Leo tunakuongelesha hapa gazetini ili watu wasikie, maana wengi walikujua kwa jina tu, Phelista Nekoye, bingwa wa badminton, na kuna mambo ambayo magazeti hayakuyaandika.

Hayakuandika jinsi ulivyokuwa ukicheka mpaka unakaa chini. Wala jinsi ulivyokuwa ukiona chapati ya mwisho kwenye sahani unapaaza sauti, "Yangu!" kama mtu aliye uwanjani, na kabla hatujanuna ulikuwa umeshaikata vipande, kila mtoto na chake. Ulikuwa unatoka mazoezini Kitale umechoka, miguu haikubebi, na bado unapita kwa Mama kumpukuchulia mahindi ukimpa habari za watu.

Mchezo wenyewe ulianzia Kitale, katika ukumbi ambao mwalimu Kiplimo aliufungia wavu akawaita wasichana wa shule waje wajaribu. Wewe ulikuwa mrefu kuliko wote. Alikupanga na msichana mfupi kutoka Bungoma mjini, Fardosa, binti ya Hawo anayeuza nguo karibu na msikiti. Hamkujuana. Siku ya kwanza mligongana vichwa mkikimbilia kinyoya kimoja, mkaanguka chini nyote wawili, na Kiplimo akasema, "Hawa watafaa. Hakuna anayemwachia mwenzake kazi."

Mama alipoiona raketi aliigeuzageuza mkononi. "Sasa hii mpira ya manyoya, Nekoye, itakupea nini?"

"Sijui bado, Mama," ulimjibu. "Lakini nikiipiga nasikia vizuri."

Ilikupa mengi. Wewe ulikaa nyuma ya uwanja, unaruka, unapiga makombora ambayo wapinzani waliyasikia kabla ya kuyaona. Fardosa alikaa mbele, kwenye wavu, anatega, anagusa, anawalazimisha wainue kinyoya juu ili wewe ukimalize. Mlichukua taji la taifa, mkalitetea. Mliitwa ng'ambo, mkacheza ligi ya kulipwa misimu miwili, na kwa jasho lenu mkawajengea mama zenu nyumba, mmoja Naitiri, mwingine Bungoma. Watoto wa Kitale walijua sasa kwamba huu mchezo unaweza kuwa kazi ya mtu.

Kitu kimoja tu kilikuudhi. Kila picha ilikuwa yako. Wewe hewani, mkono umenyooka, na Fardosa amekatwa pembeni, labda kiwiko chake kinaonekana. Ulizoea kulifungua gazeti, kuitazama picha, na kulifunga. "Wanapiga picha ya anayemaliza," ulimwambia mumeo Hesbon. "Aliyeanza hawamwoni."

Halafu bega likaharibika. Lilianza kama uchovu, likawa maumivu, na baadaye ukashindwa hata kuanika nguo. Daktari alikutibu kadiri alivyoweza, kisha akakwambia ukweli. Mkono ungepona, ungelima, ungebeba mtoto. Kupiga kombora tena, hapana.

Wateuzi wa timu ya taifa hawakukawia. Walimpigia Fardosa simu wakamwambia wamempatia mwenzake mpya, msichana mwenye nguvu, aje kambini. Hakukwambia. Ulisikia kwa watu.

Hesbon ndiye aliyekupeleka Bungoma siku ile, na ndiye aliyetusimulia. Mlimkuta Fardosa dukani kwa mama yake akikunja madira. Hukukaa hata chini.

"Fardosa, enda kambini," ulimwambia. "Mimi nimemaliza. Usikae hapa kwa sababu yangu."

Fardosa aliendelea kukunja. "Nikienda nyuma mimi, wewe utakuja mbele?"

"Mimi sijawahi kucheza mbele."

"Si nitakufundisha."

"Bana, Fardosa, nina miaka thelathini na mbili."

Hapo akaitupa nguo. "Kwani miaka hii yote ulikuwa unadhani hapo mbele nafanya nini? Napunga hewa? Hiyo ni kazi, na unaweza kuisoma kama mimi nilivyoisoma."

Hawo, akiwa kwenye kiti chake, alisema, "Nekoye, kaa kwanza unywe chai. Huyu akikasirika hivi huwa hasikii mtu." Ukakaa. Kufikia mwisho wa ile chai mlikuwa mnachora uwanja kwenye meza kwa vidole.

Tulikuona ukijifunza, na haikuwa rahisi kukutazama. Bingwa wa taifa alikuwa hajui kusimama. Ulichelewa, uliwahi mno, ulipiga kwa nguvu mahali panapotaka mguso, kinyoya kikanasa kwenye wavu. Wasichana wadogo wa mazoezi waliwafunga, kisha wakaona haya, wakakuomba msamaha. Ukawakatalia. "Mnaniomba msamaha wa nini? Nifungeni tena."

Kiplimo, mvi zimeshamwingia, alikuwa akikuimbia neno moja kutoka kando: "Usipige, Nekoye. Weka. Weka!" Nyumbani Hesbon alifunga kamba baina ya ghala na nguzo ya nguo, akawa anakurushia vinyoya mpaka ugali unapoa. Unaweka, unaweka, unaweka. Ikafika siku ukaacha kuhesabu vilivyonasa, kwa sababu havikuwa vikinasa tena.

Naye Fardosa, mfupi wetu, alijifunza kuruka.

Wateuzi waliwacheka, kwa adabu lakini waliwacheka. Mkaingia mchujo wa taifa kama watu wa kawaida tu, mkamfunga yule msichana mwenye nguvu pamoja na mwenzake. Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Mkapewa tiketi za kwenda Kampala, kwenye mashindano ya bara.

Fainali ile tuliitazama Naitiri kwenye simu ya kaka yako Mukhisa, nyumba imejaa majirani, tumebanana. Wapinzani walikuwa wale wale waliowahi kuwafunga zamani, na walikujua wewe wa nyuma, wewe wa makombora. Wewe wa mbele hawakumjua. Seti ya kwanza ikaenda kwao. Ya pili mkaichukua ninyi. Ya tatu ilipofika pointi ya mwisho, Fardosa aliruka akapiga kwa nguvu zote, wakakirudisha kinyoya kwa shida, na kila mtu nyumbani akapiga kelele, "Maliza!"

Hukupiga. Ulinyoosha mkono polepole, ukakigusa kinyoya kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala, nacho kikatambaa juu ya wavu, kikaanguka upande wao, karibu kabisa. Hawakusogea hata hatua moja.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Alitoka nje uani akipiga vigelegele, akazunguka nyumba yote, akarudi akiuliza, "Ati ni wa kwanza Afrika yote? Si Kenya peke yake?" Tulipomwambia ndiyo, Afrika yote, akatoka tena.

Gazeti la kesho yake lilikuwa na picha moja kubwa. Fardosa yuko hewani, hijabu imepeperuka, mkono umenyooka. Chini pembeni kinaonekana kiwiko. Ulinunua nakala nyingi, ukamgawia kila aliyekuja, ukimwonyesha kile kiwiko kwa furaha. "Huyo ni mimi!"

Ulipostaafu hukukaa. Wewe na Fardosa mliwafundisha wasichana, wiki hii Kitale, wiki ijayo Bungoma, na hata ugonjwa ulipokushika ulikuwa ukiomba kiti uwatazame. Siku zako za mwisho hospitalini ulimwuliza Hesbon nani amefungua ukumbi. Alipokwambia Fardosa amefungua, ulifumba macho ukapumzika. Hatukujua utapumzika moja kwa moja.

Sasa tukupe habari. Fardosa alikataa kucheza kwa miezi mingi. Mwezi uliopita aliingia tena mashindanoni, Kitale, pamoja na Cherop, yule msichana wa Cheptais uliyemfundisha wewe mwenyewe kucheza kwenye wavu. Walishinda. Tulikuwepo sote. Mwandishi mmoja kijana, asiyejua habari, akamsogelea Fardosa na kinasa sauti, akamwuliza anajisikiaje kupata mwenzake mpya.

Fardosa alimshika Cherop bega. "Huyu Cherop ni mchezaji mzuri sana, na nitacheza naye mpaka nichoke," alisema. "Lakini mwenzangu ako Naitiri."

Mwandishi akauliza kama yeye angekuja siku hiyo.

"Hapana," Fardosa akamjibu. "Sisi ndio tunaenda kwake."

Na tunakuja, Nekoye. Ibada itakuwa nyumbani Jumamosi hii, na wote waliokupenda wamekaribishwa.

Tunaokukumbuka ni mumeo Hesbon Walubengo, wanao Wekoye na Nanjala, mama yako Nabwile, kaka yako Mukhisa na jamaa yake, wakwe zako wote wa Kitale, mwalimu Kiplimo, na dada yako Fardosa, pamoja na mama yake Hawo na jamaa yao ya Bungoma.

Siku zote tutakazojaliwa kuishi, tutakukumbuka na kujivunia kwamba ulikuwa wetu.