Nilimuuliza Tu Maana ya Foie Gras

Kakontwe, karibu na Likasi

Yaya Mwewa, kaka yangu,

Natumaini uko na afya, na miguu ya Mama imepoa. Miye ni muzima, ingawa weye hukuuliza. Barua yako yote ilikuwa na jambo moja: nimwombe radhi mume wangu Ngoie. Basi sikia nilichofanya.

Tangu apandishwe cheo kiwandani, Ngoie anataka kula kama wakubwa. Jumapili moja mkurugenzi wake alitualika. Njia nzima Ngoie alijifunza kutamka "foie gras", maana alisikia itakuwapo. Ikaletwa juu ya mkate, laini kama siagi. Nikamuuliza mke wa mkurugenzi, Mbelgiji, maana yake nini.

Mama yule alifurahi kuulizwa. Alisema ni ini nono. Bata bukini anashikwa shingo, anasukumiwa mrija kooni, anamiminiwa mahindi hadi ini livimbe. Zamani Warumi waliwalisha tini, wakaliita ini la tini. Baadaye watu wakaacha kutaja ini, likabaki jina la tunda. Ndiyo maana hata leo Wafaransa ini lolote, hata la mbuzi, wanaliita foie, neno lililozaliwa na tini.

"Mahindi?" nikasema. "Na hapa kwetu bamama banapanga mustari tangu asubuhi juu ya unga!"

Ngoie akacheka peke yake. "Mumusamehe, citoyens, wananchi wenzangu. Huyu ni muntu wa pori, kwabo banakulaka samaki ya kuoza."

Samaki ya kwetu Kilwa, kule ziwani, Yaya! Ile Mama aliyouza ikakusomesha weye.

Nikamjibu, "Hiyo samaki ulikuwa unailambia vidole kwa mama yangu."

Tulipofika nje akanipiga kofi mbele ya dereva wa gari ya kazi. Dereva akageuza uso. Sikupanda. Sikio langu bado linavuma, na weye, mtoto wa mama yangu, unaniandikia habari ya adabu.

Sirudi kwake. Nimepata chumba hapa kwa mjane mmoja, nawashonea nguo wake za wavunja mawe. Kama ni lazima Ngoie aombwe radhi, njia ya Likasi unaijua. Njoo umwombe weye.

Msalimie Mama, umsomee barua hii yote bila kuruka mstari. Msalimie shangazi yetu muuza chumvi, na mke wako, ambaye namhurumia.

Mdogo wako, bado mkali,
Kaulu