Pikipiki Katika Nyumba ya Kuroyanagi

Hamamatsu, 4 Novemba 1957

Baba,

Shikamoo. Kifua kimepoa? Sisi hatujambo, na Fumie ni mjamzito.

Mbio za pikipiki za Asama nimekuwa wa pili, nimemeza majivu ya volkano kama niliyeajiriwa kuufagia mlima. Gazeti likaandika "Kuroyanagi", jina hili la ukweni. Baba mkwe kalisoma, akaweka vijiti vya kulia chini.

"Jina hili limeuza mchuzi wa soya tangu enzi za babu yangu," akasema. "Halitatajwa pamoja na wahuni wa pikipiki. Acha mbio, au rudisha jina letu uende zako."

Kiwanda cha pikipiki kinataka nikashindane Ulaya. Nifanyeje?

Mwanao,
Yasuhiko

Takahama, 10 Novemba 1957

Mwanangu mtukutu,

Mimi mzima. Kifua kinakohoa chenyewe, mimi nakisindikiza tu. Mwandiko uvumilie, shule niliiacha kabla haijanizoea.

Nilikutoa ukaoe huko na kuchukua jina lao kwa kuwa hawakupata mtoto wa kiume, nami nilikuwa na watatu na tanuri moja la vigae. Uwe mwana wao, si pipa lao la kubandikwa jina. Warudishie jina, limekunjwa vizuri. Letu la Sugae lina masizi, vumbi haliliogopi.

Ila Fumie muulize mwenyewe. Usimwamulie kama babake.

Babako

Suzuka, 29 Aprili 1963

Baba,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Mjukuu wako anakusalimu.

Tangu Fumie afunge kimono zake na kunifuata, nawe ukatuandika upya kwa jina la Sugae kwenye daftari la nyumba yako, hatujatulia. Ulaya nilivunjika paja, pikipiki basi. Sasa nimepewa gari la mbio.

Baba mkwe, aliyetufukuza, amekuja na keki. Anasema amenisamehe: nikichukua tena jina lake, mtoto atarithi kiwanda cha mchuzi. Fumie kamwambia keki imechacha. Mimi sijajibu. Jumamosi wanachora jina mlangoni mwa gari, Jumapili nakimbia.

Yasuhiko

Takahama, 6 Mei 1963

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sauti imekauka. Nilikuja Suzuka bila kukuambia, maana ungenikataza. Mkweo alikuwa jukwaani na kofia mpya. Nikaketi ubavuni mwake makusudi.

"Mzee Sugae," akasema, "mwanangu ni dereva hodari."

"Mwanao yupi? Wako si ulimtupa?"

"Nimemsamehe."

"Kosa gani?"

Akawa anatafuta kosa, wewe ukapita na gari. Mlangoni SUGAE, maandishi makubwa mpaka mimi nikayasoma. Mkweo akavua kofia, akaitazama ndani.

Ukamaliza wa nne. Sikuuliza watatu wale ni akina nani. Nikampa mkweo nusu ya tonge langu la wali, akala. Hatujapatana, alikuwa na njaa.

Leo asubuhi nimewasha ubani mbele ya madhabahu, nikawaambia wazee wetu marehemu kwamba yule niliyemtoa amerudi, na mke, na mtoto, na makelele yake yote. Asiyependa kelele ahame.

Babako