Mshale Uelekee Upinde

Jumatatu, 9 Juni 2025

Likizo. Baridi kali, nimevaa sweta mbili. Boti imeletwa kwenye gereji ya Baba hapa Ruhuwiko, iko juu ya trela. Wapita njia wanasimama kuuliza ziwa limehamia Songea lini.

Ni ya zahanati ya kijiji kimoja kando ya Ziwa Nyasa, hakuna barabara. Mgonjwa akizidiwa anapelekwa Mbamba Bay kwa boti. Ilipasuka ubavuni, ikaletwa mjini kuzibwa. Sasa Baba ana kazi mbili: bomba la kushikilia turubai la wagonjwa, na taa ya kumulika inayozungushwa kwa rimoti.

Nahodha anaitwa Kajetani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kama najua kuogelea. Nikasema sijui. Akasema basi nisiisogelee boti. Iko juu ya trela!

Baadaye alimweleza Baba kwa nini wanataka taa. Mwezi wa tatu walimbeba mama mwenye uchungu. Giza, na karibu na pa kutia nanga kuna miamba. Tochi ya mkono haikuwaonyesha kitu. Wakazima injini, wakakaa majini mpaka kukapambazuka. Mama alipona. Mtoto hapana.

Baba alichukua bomba akaanza kulipinda.

Jumanne, 10 Juni

Karatasi ya maelekezo ya taa ni Kichina na Kiingereza. Baba aliishia darasa la saba. Umeme wa magari anaujua kwa mikono, si kwa karatasi. Akaniita: "Emerensiana, hicho kidato cha tatu ni cha kazi gani? Njoo usome."

Mistari kumi na minne. Nilipiga mstari katikati ya ukurasa, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, kama anavyotufundisha Madam Pamela. Neno nisilolijua natafuta kwenye kamusi, sibahatishi. Mstari wa tano ulinisumbua. Kitako cha taa kifungwe mshale ukielekea "bow". Kamusi ikasema upinde. Nikafurahi, maana boti ina upinde: ni lile bomba alilolipinda Baba jana, liko nyuma, na gereji nzima wanaliita hivyo hivyo. Nikaandika: mshale uelekee upinde.

Jumatano, 11 Juni

Taa imefungwa, juu ya paa la kibanda cha nahodha. Boliti nne na gundi ya silikoni. Ilipowashwa ikajigeuza yenyewe, ikaangalia nyuma.

Kajetani: "Fundi, inatafuta nini huko? Tulikotoka tunakujua."

Watu wakacheka. Baba akasema imelala tu, utaigeuza kwa rimoti. Karatasi ndivyo inavyotaka, binti yangu kaisoma neno kwa neno. Akabonyeza: kulia kidogo, kushoto kidogo, juu, chini. Inatii. Kajetani akanipa mkono, akaniita mwalimu.

Wakati wa chakula Baba alimwambia Mama kwamba mimi nitasoma mpaka nichoke mwenyewe. Hakunitazama aliposema. Lakini nilisikia vizuri.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefua. Umeme ulikatika asubuhi yote. Nimeanza kunakili tafsiri kwa mwandiko mzuri, Kajetani aitunze botini.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike kama ilivyo.

Nilikuwa nanakili mstari wa kumi na moja. Unasema nahodha amulike miamba iliyo mbele ya "bow". Nikaandika mbele ya upinde. Kisha kalamu ikasimama. Upinde uko nyuma. Mbele ya upinde ni boti yenyewe, wanapokaa wagonjwa. Miamba itatoka wapi?

Nikafungua kamusi tena. Maana ya kwanza, upinde. Ya pili, kuinama kwa heshima. Ukurasa unaishia hapo, na Jumanne nami niliishia hapo. Nikafunua. Ya tatu iko juu ya ukurasa unaofuata: sehemu ya mbele ya chombo cha majini.

Nilikimbilia gereji. Nikapanda ngazi na rimoti. Taa ikazunguka kwa kushoto, ilipokaribia mbele ikagoma. Nikairudisha, nikaileta kwa kulia. Ikagoma upande wa pili. Katikati, kule hasa boti inakoelekea, kuna pengo la upana wa mlango ambalo haifiki. Ili ivuke lazima izunguke nyuma kote, ipite usoni kwa wagonjwa.

Nilimkuta Baba anakula. Nikamweleza yote, na kamusi nikamwonyesha. Akauliza nimemwambia nani. Nikasema hakuna.

"Basi tutasema karatasi ilikosewa."

"Karatasi haijakosewa, Baba."

Mama akanikata jicho. Baba akanawa mikono, akaenda Peramiho kutengeneza gari la mtu kama alivyoahidi. Amerudi jioni, ameingia kulala bila kuniita. Lori la kuvuta trela linakuja kesho saa moja.

Jumamosi, 14 Juni

Niko gereji, nimekaa kwenye tairi. Daftari hili lilikuwa mfuko mmoja na kamusi, ndiyo maana naandika.

Tulifika na Baba saa kumi na mbili na nusu. Lori lilikuwa limewahi, limeshafunga trela, linanguruma. Baba akaanza: "Nahodha, hizi karatasi za Kichina bwana..."

Nikamkatiza. Sijawahi kumkatiza Baba mbele ya mtu. Nikasema shikamoo, karatasi iko sawa, nimekosea mimi, taa inaangalia nyuma.

Kajetani aliniangalia. "Kwa hiyo ningewamulika wagonjwa."

"Ndiyo."

"Na miamba?"

"Iliyo mbele kabisa usingeiona."

Baba alikuwa ameshachukua spana na kisu. Akapanda juu ya paa, akaanza kukata silikoni. Boliti tatu zimetoka. Ya nne inamsumbua.

Dereva anapiga honi, anasema Mbinga anasubiriwa. Kajetani akaniuliza mistari iko mingapi. Kumi na minne. Na mingine nina uhakika nayo? Nikasema nilikuwa nao.

"Soma yote upya, mwalimu. Hapahapa, tusikie."

Nimesoma mitano. Baba ameacha boliti, amechuchumaa pale juu anasikiliza. Kwenye mstari wa sita kuna neno moja linaloweza kuwa waya, linaloweza kuwa kamba. Jumanne niliandika waya. Nimewaambia sijui.

Baba amesema, "Tafuta. Funua na ukurasa wa pili."

Kajetani amemwashiria dereva azime gari. Kimya sasa. Natafuta.