Ulikuja Kuchuma Pamba kwa Ajili Yangu

Ipililo, Maswa
Julai 7

Kaka Dastan,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Lamadi, wewe na fundi wako na wote mnaotengeneza pikipiki pamoja. Sisi huku wazima. Mama mgongo umepungua kuuma tangu aanze kufunga ile kanga uliyomfundisha kuikaza. Baba hajambo, anashinda shambani. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na mama anasema atakuwa wako.

Utashangaa kupata barua wakati namba yako ninayo. Nimejaribu kupiga mara mbili, na mara zote mbili nilikuuliza habari za mvua nikakata. Yapo mambo ambayo nikiyaanza kwa simu sitayamaliza. Ndiyo maana namtuma jirani yetu Marcelo, anakuja huko Jumanne kuchukua vipuri.

Kwanza nakushukuru. Baba alikuwa amekataa katakata nisiende kambi ya vijana Bariadi, akisema pamba imepasuka yote na hawezi kupoteza mtu wa kuchuma. Wewe hukubishana naye. Uliomba ruhusa kazini, ukaja na begi moja, ukamwambia nafasi yangu shambani umeichukua wewe. Mama ameniambia ulichuma siku saba, na kwamba vidole vilikutoka damu kwa sababu umeshazoea spana. Hukuniambia hata neno moja juu ya vidole.

Kambi yenyewe ilikuwa nzuri sana. Tulikuwa vijana zaidi ya mia kutoka parokia mbalimbali, tukilala kwenye mabweni ya shule. Siku ya kwanza, kabla hata hatujapewa chai, Sista Elizabeth, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wa wasichana, alitusomea taratibu za kambi. Alisema mtu ataitwa kwa jina lake tu na si lingine. Hakuna kumtumikisha mgeni, hakuna kuficha vitu vya mwenzako, hakuna kumpiga mtu picha bila ridhaa yake, na hakuna mtu mzima kukaa na kijana peke yao mlango ukiwa umefungwa. Mwenye shida amwambie kiongozi wa kundi lake, au mmoja wa walezi watatu waliobandikwa majina mlangoni. Kila mmoja wetu aliweka sahihi. Kwa kuwa nipo kidato cha nne nilichaguliwa kiongozi wa kundi la wasichana wanane, nikafungwa kitambaa cha njano mkononi. Nilijisikia mkubwa, kaka.

Katika kundi langu alikuwemo msichana wa Shishiyu anayeitwa Salu. Kwao ni wafugaji, na amebatizwa Pasaka hii tu, peke yake katika nyumba nzima. Kiswahili chake ni kama cha bibi, Kisukuma kinatangulia. Jioni ya kwanza alifungua kitambaa akatugawia matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukaushwa, aliyofungiwa na mama yake. Tukala wote. Tulipomaliza, Nancy, msichana wa mjini Bariadi mwenye maneno mengi, akauliza kama kwao wanakula pia majani. Watu wakacheka.

Ikaendelea hivyo. Salu alikuwa hajui vizuri kuitikia kwenye Misa, basi Nancy akampa jina, Mkatekumeni, kana kwamba bado hajabatizwa. Akiingia kuoga, Mkatekumeni. Akichelewa kupanga foleni ya ugali, Mkatekumeni. Siku ya tatu alipewa somo la Misa asome, akakwama kwenye neno, na mchana Nancy na wenzake wawili wakawa wanaigiza sauti yake bwenini huku yeye amekaa kitandani pake akikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Ndala zake zilipotea, zikaonekana juu ya dari.

Mimi nilikuwepo mara zote. Sikumpa jina wala sikugusa ndala. Lakini nilikuwa natabasamu, na mara moja Salu aliponitazama nilimwambia asijali, ni utani tu.

Asubuhi ya siku ya nne nilikuta kitanda chake kimetandikwa na begi halipo. Nilimwita Sista Elizabeth, kisha sikumsubiri, nikakimbia hadi barabara ya Maswa. Salu alikuwa amesimama pembeni na begi kichwani, anangoja gari. Nikataka kumpokea begi, akakataa. Nikamwambia hawa kina Nancy wasimkimbize, ni wa kuwapuuza. Akanijibu taratibu, bila hasira:

“Nancy simjui. Wewe ndiye niliyeambiwa nikuambie.”

Tulikaa chini kwenye majani mpaka Sista akafika na gari la parokia. Alipouliza kuna nini, Salu alinigeukia. Basi nikasema mimi. Nilieleza jina, somo, ndala, na nikamweleza Sista kwamba mimi niliuita utani. Sista hakupaza sauti. Aliniuliza:

“Utani unarudishwa. Huyu alikurudishia lini?”

Yaliyofuata yalifanyika kwa utaratibu, na nataka ujue kwamba hakuna aliyeaibishwa mbele ya watu. Salu ndiye aliyeulizwa kwanza anataka nini. Akasema anataka kuhamia kundi lingine, na aitwe Salu. Wazazi wetu wote walipigiwa simu, wa kwake pia, ili asiende kusimulia peke yake. Nancy na wale wawili walipewa onyo la maandishi, na kila jioni walikaa na mlezi wakizungumza. Nancy aliomba msamaha mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri. Mimi nilivuliwa kitambaa. Nilidhani nitarudishwa nyumbani, lakini Sista alisema nibaki, kwa sababu bado sijajifunza nilichokuja kujifunza. Namshukuru mpaka leo.

Salu hakuwa rafiki yangu baada ya hapo, nisikudanganye. Ila siku ya kufunga kambi alikuwa anaimba mstari wa mbele na kundi lake jipya, na tulipopishana mlangoni alinisalimia, mwangaluka, nikaitika. Nilishukuru hata kwa hiyo.

Sasa kaka, nafika pale ninapopaogopa.

Watu wote hapa nyumbani wanajua uliacha shule kidato cha tatu kwa sababu ulichoka na vitabu. Ndivyo ulivyomwambia baba. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza shule hiyohiyo, na nilijua. Niliwasikia wakikuita Katambuga kwa sababu ya vile viatu vya tairi. Niliwaona wakikuvua kimoja na kukirusha kwenye choo cha wavulana. Na siku ile ya paredi ulipopita peku, shule nzima ikapiga kelele, mimi nilikuwa nimesimama na wasichana wa darasa langu. Nilicheka, kaka. Mmoja akaniuliza kama wewe si ndugu yangu. Nikamjibu tunatoka kijiji kimoja tu. Ulikuwa karibu. Ulinitazama, ukaendelea kutembea. Wiki ileile ukaacha shule.

Hujawahi kuniuliza. Hukumwambia baba. Ulipopata kazi, viatu vya kwanza ulivyonunua vilikuwa vyangu vya shule.

Sikuombi unijibu haraka, wala useme ni mambo ya utoto. Nimekuandikia ili ujue kwamba nakumbuka kila kitu, na kwamba mtu aliyechuma pamba ili mimi niende kambi ndiye niliyemkana. Nisamehe.

Kuna jambo la mwisho, na sikukuomba ruhusa. Jana nilimweleza baba, mama akiwepo, kwa nini uliacha shule. Sikuficha sehemu yangu. Mama alilia. Baba alikuwa anashona gunia la pamba. Aliweka sindano chini, mimi nikijua atanichapa. Hakunichapa. Alisema:

“Miaka mitatu ninamwita mvivu.”

Leo asubuhi ameniuliza kama barua imeshafungwa. Anasema ukipata nafasi Jumapili yoyote uje. Hataki nikuandikie anachotaka kukuambia, anataka akuambie mwenyewe.

Msalimie fundi wako na mkewe. Mama anakusalimu sana, anasema ulale mapema. Mungu akulinde hapo kazini na barabarani.

Ni mimi mdogo wako, ndugu yako wa damu,

Martha Nyanjige