Mlango wa Kushoto wa Gari Namba Kumi na Nne

Abu Hamour, Doha
Jumamosi asubuhi, mwezi wa Februari. Mwaka wa thelathini na mbili tangu tutoke nyumbani. Mwezi wa kumi na moja tangu wewe urudishwe.

Barasa, bakoki wangu,

Nimeandika tarehe hivyo kwa sababu ungeniuliza. Kila mwaka ulikuwa ukinipima kwa swali lile lile, tumekaa miaka mingapi sasa, na nikikosea ulitikisa kichwa: "Asiyejua ametoka lini atajuaje arudi lini?" Tulitahiriwa msimu mmoja, tukashuka katika uwanja wa ndege wa hapa siku moja, mafundi wawili wenye mkataba mmoja wa gereji. Hesabu yako ilikuwa yangu. Sasa naifanya peke yangu, na hakuna wa kunisahihisha.

Nianze na habari za duara letu la mbio za magari, maana ndizo ungezitaka kwanza.

Bu Nasir hasimamii tena. Magoti yamemshinda. Aliyekabidhiwa duara lile la changarawe, nyuma ya mazizi ya ngamia kusini ya Wakrah, ni bintiye Munira, yule mtoto aliyekuwa akikaa juu ya rundo la matairi akila mbegu za maboga huku sisi tukigonganisha magari ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyataka. Sasa ni mhandisi. Ameweka uzio wa waya pande zote, lango moja, na kamera juu ya nguzo. Okello, Mganda wetu aliyekuwa akiendesha namba tisa, ameajiriwa kulinda lango. Anavaa sare. Ijumaa ya kwanza ya uzio alinisimamisha: "Mzee Simiyu, kitambulisho." Nikamwambia, Okello, wewe si unanijua miaka kumi? "Nakujua sana, mzee. Ndiyo maana nataka kitambulisho."

Usidhani kila kilichobadilika ni kibaya. Wenye ngamia walikuwa wakilalamika kwa miaka juu ya vumbi, na Bu Nasir alikuwa akiwajibu kwa kahawa. Munira amewajibu kwa gari la maji. Changarawe inanyunyizwa kabla ya kila mbio. Kuna choo. Kuna kivuli upande wa wanawake. Njeri, yule muuguzi anayetutangazia mbio, amepewa kipaza sauti kisichokatika, jambo ambalo si wote wamelifurahia. Wiki iliyopita alimtangaza kijana mmoja wa mtaa wa Najma kwa maneno haya: "Huyu bwana anaingia kona kama mtu anatafuta slipa gizani!" Watu walicheka mpaka wenye ngamia wakageuka kuangalia.

Lakini Munira amefuta Siku ya Nyundo.

Unaikumbuka ilivyoanza, kwa sababu ni wewe uliyeianzisha. Vijana wawili waliokuwa wakilala chumba kimoja waligongana kwenye kona ya pili, kisha wakaacha kula sufuria moja. Uliwaita mbele ya watu. Ukamwambia aliyegonga aweke kiganja chake juu ya bati lililobonyea na aseme neno moja kati ya mawili: bahati mbaya, au makusudi. Lolote alilosema, hakuadhibiwa. Ila Ijumaa iliyofuata, asubuhi, alikuja na nyundo akanyoosha alichokipinda, na mwenye gari alishika chuma upande wa ndani. "Bati ni jembamba," ulisema. "Mkikaa pande zake mbili saa nzima, lazima mtasikizana." Kuanzia hapo ikawa desturi, Wakenya, Waganda, Wanepali, wote. Na ukaongeza sharti ambalo wengi waliliona dogo: mwenye gari asinyooshe mwenyewe. Anayenyoosha bonde lake mwenyewe amesema hakuna aliyemgonga.

Sasa kamera ndiyo inayosema nani amegonga. Anakatwa alama, na gari linapelekwa kwenye gereji moja iliyopewa kazi hiyo. Ua wa matengenezo hauingiwi na asiye na bima, na aliyepita miaka sitini haingii kabisa. Ni kanuni nzuri kwenye karatasi. Lakini kamera haiulizi kama ilikuwa makusudi, na watu wameanza kugongana kwa chuki, wakijua kwamba kinachopotea ni alama tu. Wapo wawili wa chumba kimoja kule Najma ambao hawajasalimiana wiki ya tatu. Chumba chenyewe kina vitanda sita. Fikiria.

Pamoja na kanuni ilibandikwa orodha langoni: magari yenye kasoro ambazo hazijatengenezwa yataburutwa kwenda kwenye vyuma chakavu mwisho wa mwezi. Gari lako, namba kumi na nne, lilikuwa la tatu. Mbele yake yaliandikwa, kutoka kwenye daftari la mbio la mwaka jana: mlango wa kushoto.

Nilisimama pale langoni muda mrefu kuliko ilivyostahili kwa orodha ya magari saba.

Mlango huo niliugonga mimi. Hilo unalijua. Ambalo sijawahi kukuambia ni sababu. Asubuhi ya siku ile, tukiwa tunabadilisha tairi, ulisema bila kuinua macho kwamba umeshaandika barua ya kuacha kazi yako ya kuendesha basi la shule, na kwamba mwezi wa nne unakwenda nyumbani moja kwa moja. Ukasema, "Wewe utanikuta." Tulikuwa tumekubaliana kurudi pamoja. Miaka yote ile tulikuwa tumekubaliana. Nilikaza nati ya mwisho. Kwenye kona ya tatu ulipanua kidogo, kama kawaida yako, nami nikaingia upande wako wa ndani, na nafasi ya kupita ilikuwepo. Nafasi ilikuwepo, Barasa. Niligeuza usukani.

Baada ya mbio niliweka kiganja juu ya mlango wako, mbele ya watu wote, nikasema bahati mbaya.

Kisha ukasema, "Basi Ijumaa uje na nyundo."

Ijumaa ile sikuja. Nilituma neno kwamba mgongo unaniuma. Ijumaa ya pili mgongo uliniuma tena. Jumatano iliyofuata moyo wako ulisimama huko Wakrah, basi likiwa tupu, umeketi kwenye kiti chako na breki ya mkono umeivuta. Waliokukuta walisisitiza hilo la breki kana kwamba lingenifariji. Nilishughulikia karatasi zako, nikakusindikiza hadi mahali pa mizigo katika uwanja wa ndege. Gari lako lilibaki limefunikwa turubai kando ya mazizi, nami sikulisogelea tena.

Kwa hiyo kulipoitishwa mkutano juu ya kanuni hizo nilikwenda. Ulifanyika katika majlisi ya Bu Nasir, sebule yake ya wageni, tukiwa kama arobaini, tumevua viatu, yeye mwenyewe kaketi pembeni, fimbo magotini. Wenye ngamia walisema yao juu ya kelele, na saa za mbio zikasogezwa. Njeri alisimama akasema wazi kwa Munira, "Dada, kanuni zako ziko sawa kabisa, lakini sisi hatuji huku kwa sababu ya magari. Magari yenyewe si umeyaona?" Okello, akiwa na sare yake, aliinua mkono akasema yeye ni mwajiriwa na hana maoni, kisha akatoa maoni kwa dakika kumi.

Nilipopewa nafasi nilisema jambo moja, kwa Kiarabu kile chetu cha gereji. Nilisema nina nyundo moja ambayo sijaipiga, na mwenye gari amekufa, na naomba asubuhi moja kabla gari halijaburutwa. Munira aliuliza nina umri gani. Nilimwambia. Akasema kwa upole kwamba ndani ya ua haiwezekani. Ndipo Bu Nasir aliposema neno lake la pekee siku ile: ardhi iliyo nje ya uzio, upande wa mazizi, ni yake yeye, wala haina bima ya kuvunja. Munira alicheka, akanigeukia na kusema basi, akiniita ami kama kawaida yake: "Khalas, ammi. Ijumaa moja."

Hiyo Ijumaa ilikuwa jana.

Nilikwenda na nyundo yako ndogo, ile ya mpini wa mzaituni uliyoniachia bila kujua kwamba unaniachia. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotaka. Wale wawili wa Najma walikuja pia, mmoja akasimama kulia, mwingine kushoto. Munira alikuja na daftari. Nikafungua kamba, nikavuta turubai.

Mlango ulikuwa umenyooka.

Nilipitisha kiganja mara mbili, nikidhani macho yanazeeka. Rangi ilikuwa imepasuka kama inavyopasuka bati likirudishwa, na alama za nyundo zilikuwa zimelala zikielekea kulia. Wewe ndiye mashoto pekee tuliyewahi kuwa naye. Katika kazi yote ile hapakuwa na pigo moja lililopotea. Hata ukingo wa chini, ambao sote huuacha kwa sababu hauonekani, ulikuwa umeupitia.

Nikamgeukia Okello. Alitazama buti zake. Kisha akaeleza, mbele ya wote, kwamba Jumatatu ile, siku mbili kabla ya kifo chako, ulimwomba akushikilie taa ya mkono mchana kweupe ili uone ndani ya mlango. Alikukumbusha sharti lako mwenyewe, kwamba mwenye gari hanyooshi. Ukamwambia, "Simiyu anaumwa na mgongo. Wacha nimsaidie." Na ukamwambia asiseme. "Nimekaa nalo miezi kumi na moja, mzee," akasema Okello. "Na pale langoni nimekuwa nikikudai kitambulisho kila wiki, nione kama utaniuliza habari za gari lake."

Sijui ulimaanisha nini. Nimelala na swali hilo usiku mmoja tu, kwa hiyo nisijifanye nimelichimba. Huenda uliamini habari ya mgongo. Huenda ulijua kila kitu tangu kwenye kona, na ukaamua kwa nyundo yako kwamba hakuna aliyekugonga. Huenda ulikuwa unafunga mizigo tu, na hukutaka kuacha gari bovu. Ulikuwa mtu wa kupitia ukingo wa chini. Zote tatu zinakufaa.

Nilichofanya ni hiki. Niliweka kiganja pale palipokuwa na bonde na nikasema, kwa sauti ya kusikika, makusudi.

Ngamia mmoja alikohoa. Baadaye Njeri, ambaye kimya humwasha kama upele, akasema, "Mzee, sasa utapiga nini na hiyo nyundo?" Watu wakacheka kwa aibu, nami pia. Kulikuwa na namba ishirini na mbili pale karibu, gari la mmoja wa wale wawili wa Najma, boneti imekunjwa. Aliyeikunja alinijia, akanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa nyundo. Mwenzake akaingia chini kushika chuma. Sikusikia walichoambiana. Bati ni jembamba, lakini linapiga kelele.

Munira aliwatazama mpaka mwisho. Halafu akaniita kando. Akasema anaweza kuiandika: Siku ya Nyundo, nje ya uzio, kila Ijumaa asubuhi, kwenye ardhi ya baba yake. Ila lazima awepo mtu mmoja wa kuwajibika kwa jina, ambaye wenye ngamia wanamjua, ambaye hashindani, na ambaye kibali chake cha kukaa hakiishi mkataba ukiisha. Tuliwatazama wale watu wote waliosimama pale, mimi na yeye. Kila mmoja yuko kwa mkataba. Mimi tu ndiye ninayekaa kwa kibali cha mwanangu Wafula.

"Kila Ijumaa?" nikauliza.

"Kila Ijumaa, ammi. Ikikosa mtu wiki mbili, naifuta."

Sasa nifike mahali nilipokuwa nakwepa. Wafula alikuwa amenikatia tiketi ya mwezi ujao, ya kwenda tu, ili niwahi ibada ya kumbukumbu ya mwaka wako. Mke wako Nasimiyu alipiga simu wiki iliyopita kusema kwamba nafasi ya bakoki wako kuzungumza imeachwa, na kwamba nyumba yangu ya Kimilili imepigwa rangi dirisha. Sasa Wafula anasema, baba, nenda siku tano, urudi kabla ya Ijumaa. Ni kijana mwema na hajui. Nikisimama juu ya udongo wako na kuona milima ile, sitapanda ndege tena, na wewe unajua hivyo. Kwa hiyo jana jioni, tukiwa tunaosha vyombo, nilimwambia airudishe tiketi. Nasimiyu nitampigia leo mwenyewe. Hatafurahi. Barua hii nitaituma kwake, aisome penye nafasi ile iliyoachwa, na asiruke sehemu ya kona ya tatu.

Namba kumi na nne imefutwa kwenye orodha. Haina kasoro. Nitaiwasha mara moja kwa wiki, nisiiendeshe.

Pumzika, Barasa. Huko uliko usinitafute kila linapofika basi. Hesabu ya miaka acha kuifanya, nitaifanya mimi. Nakuahidi kwamba maadamu mkono huu unaweza kuinua nyundo, hakuna Ijumaa mbili zitakazopita bila mtu pale nje ya uzio. Ulisema nitakukuta. Hapana.

Sirudi.

Simiyu