Naosha Ndani Tu

Jumatatu, 3 Februari

Gari aina ya Noah, la wauza mpunga wa Muze. Matope hadi mlangoni. Mpunga ulimwagika ukaingia kwenye reli za viti, ukalowa, umeanza kuota. Kweli kabisa, vichipukizi vya kijani. Nimeutoa punje kwa punje kwa sindano ya kushonea magunia. Saa nne nzima. Mgongo.

Wiki ya tano hii ya kazi. Ndoo tatu, sponji mbili, miswaki ya zamani, brashi ya viatu, sabuni ya unga, siki ya kuondoa harufu. Maji nachota bombani kwa jirani. Naosha ndani tu. Nje wanaosha vijana wa kule mtoni, wana pampu. Wananiita fundi wa ndani. Sawa.

Nimekula kiporo nimesimama. Sikusikia ladha.

Jumanne, 4 Februari

Mteja ameuliza nani kanifundisha. Nikasema hakuna. Naandika hapa mara moja, halafu basi.

Desemba mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Asubuhi moja damu ikaanza. Nilimpigia kaka Edo, jirani yetu, ana probox ya abiria. Akasema nakuja. Alichukua kama dakika arobaini. Alisema pancha. Mama alifia kiti cha nyuma kabla ya kufika hospitali, baba amemshika. Mtoto naye. Daktari alisema mmechelewa.

Baada ya maziko probox ilisimama nje ya nyumba ya Edo siku tatu, madirisha yamefungwa. Vijana wa mtoni walikataa kuigusa. Siku ya nne nikachukua ndoo nikaenda. Sikuambiwa na mtu. Niliosha toka asubuhi mpaka jioni. Sikulia. Nilikuwa naangalia maji tu, yanabadilika rangi, namwaga, nachota mengine.

Edo akawaambia madereva wenzake kuwa mimi Resti naosha gari mpaka unadhani jipya. Wakaanza kuja.

Ndiyo hivyo nilivyoanza biashara.

Ijumaa, 7 Februari

Mvua. Gari moja.

Shangazi amekuja kutoka Ilemba. Anasema msichana wa miaka kumi na saba hawezi kushinda ameinama kwenye magari ya wanaume. Niende nikaishi kwake, nimsaidie mahindi na ulezi, mwakani nirudie mtihani. Matokeo yangu ya kidato cha nne ni mabaya, hilo kweli. Atakuja kunichukua Jumapili ya tarehe kumi na sita.

Baba hakusema kitu. Siku hizi hasemi. Ni seremala, na sofa anatengeneza. Jeneza la mama alilitengeneza mwenyewe, usiku mmoja. Toka siku hiyo randa zimening'inia ukutani, hazigusi. Anakaa mlangoni anaangalia barabara.

Kwenda, kubaki. Kwangu sawa tu.

Jumanne, 11 Februari

Probox ya Edo. Huileta kila Jumanne hata ikiwa safi. Wateja wengine huacha gari wakaenda zao. Yeye husimama pale pale, mikono mfukoni, ananiangalia. Leo ilikuwa safi kabisa. Nimeiosha hivyo hivyo. Nimepitisha mswaki hata kwenye mishono ya kiti cha nyuma.

Baba huingia ndani ikija. Hutoka ikishaondoka.

Alhamisi, 13 Februari

Edo amekuja kwa miguu. Hana gari. Nilikuwa naanika mazulia ya gari la mwalimu mmoja mstaafu.

Akasema, "Resti mdogo wangu, siku ile hapakuwa na pancha."

Nikaendelea kuanika.

"Nilikuwa mtoni naosha gari. Lilikuwa na matope, nilikuwa nimebeba kuku. Nikasema siwezi kumpakia mama mgonjwa kwenye uchafu ule. Nikasema nimalizie tu. Dakika mbili. Sikujua kama ni hali ile."

"Nilikwambia damu."

"Uliniambia."

Akalia. Mwanaume mzima, amechuchumaa kwenye tope la maji yangu ya sabuni. Nikamwambia ainuke, anachafuka. Hilo tu ndilo nililopata la kusema.

Ameondoka. Natafuta hasira. Sijaiona.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeharibu kiti cha mwalimu.

Kulikuwa na doa la chai. Badala ya siki nikachukua dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Chupa zinafanana lakini harufu hazifanani hata kidogo, na sikunusa. Kitambaa cha bluu kikatoka weupe, ukubwa wa sahani. Nilikiona kikigeuka. Nikabaki nasugua.

Mwalimu hakupiga kelele. Alivua miwani, akaangalia, akavaa. Akasema, "Binti, mimi nilikuamini kwa sababu ya sifa zako." Afadhali angenitukana. Nikamwambia nitatengeneza. Sijui kwa nini nimesema hivyo. Siwezi kutengeneza kiti. Gari limebaki hapa.

Jumamosi, 15 Februari

Hakuna aliyekuja. Jumamosi huwa magari yanajaa uani mpaka natafuta pa kukanyaga. Habari imeshafika kwa madereva.

Nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kesho shangazi. Nimeanza kukunja nguo. Nimekunja mbili nikaacha.

Jumapili, 16 Februari

Sikwenda misa. Baba naye hakwenda. Nikamkuta amesimama kwenye gari la mwalimu, anaangalia kile kiti. Nikasema shikamoo. Akaitikia. Nikamwambia yote, nimesimama hapo hapo. Edo, mto, kuku, dakika mbili.

Akasema, "Najua."

Nikauliza amejuaje.

"Viti vilikuwa vimelowa. Mama yako alisema anasikia baridi. Nikavua koti nikamtandikia."

"Mbona hukusema, baba?"

"Nilikuwa na jeneza la kutengeneza."

"Na baada ya hapo?"

Alikuwa anabonyeza kiti kwa vidole, pale penye weupe. Kisha akasema, "Edo alikuwa anaendesha analia hata kabla mama yako hajafa. Ningemwambia nini?" Halafu akaniuliza kitambaa cha bluu kama hiki nani anauza mjini.

Shangazi alifika saa saba. Begi langu halikuwa tayari. Nilidhani baba atanyamaza kama siku zote. Akamwambia, "Dada, Resti ana gari la mtu hapa. Hawezi kuondoka akaliacha." Shangazi akasema basi limalizwe, atarudi. Baba akasema kuna na mengine yatakuja. Shangazi akaangalia uani, gari moja tu. Akamwangalia baba. Amekula, ametuachia maharage, ameondoka kwa basi la jioni. Hakununa sana.

Jumatatu, 17 Februari

Kitambaa chenyewe hakikupatikana. Kimepatikana kinachokaribia. Baba akasema basi tubadilishe viti vyote viwili vya mbele, vifanane.

Amefumua, amekata, ameshona kwa mkono. Mimi nimeshika kingo na kumpa nyuzi. Mwanzoni alikuwa anashona, anafumua, anashona tena. Kufika saa nane hakuwa anafumua tena. Aliniita mara moja kwa jina la mama, akasema lete mkasi. Nikaleta.

Jumanne, 18 Februari

Mwalimu amekaa kwenye kiti cha dereva, akainuka, akakaa tena. Akauliza nani kashona. Baba akanyoosha mkono kusalimia. Wakazungumza mvua na bei ya mbolea.

Probox haikuja. Ni Jumanne. Jioni baba amekwenda kwa Edo. Alikaa kule kama nusu saa. Akarudi. Akasema tu, "Italetwa wiki ijayo. Kama hutaki kuiosha, utamwambia mwenyewe."

Sijui kama nataka.

Alhamisi, 20 Februari

Mvua toka alfajiri. Ukungu umefunika mpaka mashambani, huoni mahindi. Hakuna gari litakalokuja.

Matambara yangu ya kufutia vioo yameisha, yaliyobaki yanaacha nyuzi. Nimemwambia baba. Akaenda chumbani, akarudi na kanga tatu za mama. Zile za kazi, zimepauka. Akasema pamba iliyochakaa ndiyo inafuta vizuri. Akaziweka mezani akatoka.

Nimechana ya kwanza vipande vinane. Ya pili vinane. Mchano ulikuwa na sauti kubwa kwenye nyumba.

Ya tatu nimeishika. Inanuka moshi. Baridi ya leo ni kali, nikajifunga. Nimewasha moto, nimepika ugali na yale maharage ya shangazi. Nikaonja, nikasikia chumvi imezidi. Nikaongeza maji.